Baiskeli na Njia za Pamba

Mwaka 1997, huko Bourgogne nchini Ufaransa, kilomita 44 za reli iliyokuwa imeachwa kati ya Givry na Cluny zilifunguliwa upya kwa ajili ya baiskeli na waenda kwa miguu. Magari hayaruhusiwi. Wafaransa wanaziita njia za namna hiyo njia za kijani, na tangu hapo wamezijenga nyingi. Mtu anakodi baiskeli asubuhi, anapita kwenye mashamba ya mizabibu na vijiji vya mawe, na jioni anarudi bila kupigiwa honi hata moja. Wapo wanaolipa nauli ya ndege kuufuata ukimya huo.

Sisi wa Mara hatuna reli ya kuacha. Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma imekuwa kwenye mipango tangu kabla sijazaliwa, na treni pekee niliyowahi kuiona Musoma ni ya kwenye picha ya gazeti. Hata hivyo njia tulivu tunazo. Nimeziendesha kwa miaka saba sasa, kila Jumamosi ninayoweza, na karibu kila moja ina historia yake. Hakuna aliyezichora ili mtu apumzike. Zilikanyagwa na watu waliokuwa wamebeba kitu.

Tuanze na barabara kubwa, zile zinazoonekana kwenye ramani. Kutoka Musoma mjini unaelekea mashariki, unauacha ziwa mgongoni, hadi Makutano. Hapo unakutana na barabara kuu ya Mwanza na Sirari. Kushoto ni Tarime na mpaka wa Kenya. Kulia ni Kiabakari na Bunda. Ukiivuka na kusonga mbele unafika Butiama, kisha Nyamuswa, na kutoka Nyamuswa kuna barabara inayoteremka hadi Bunda. Kwa hiyo Makutano, Nyamuswa na Bunda zinafanya pembetatu, na Butiama iko kwenye ubavu mmoja. Ndani ya pembetatu hiyo ndimo nilimokulia. Ndani yake pia kuna mtandao wa vijia usioonekana kwenye ramani yoyote niliyowahi kuikunjua: vya mchanga, vya mawe, vilivyobanwa na ua wa katani upande huu na shamba la mihogo upande ule, vinavyotokea nyuma ya kanisa au kwenye kisima. Unaweza kwenda kilomita kumi ukakutana na ng'ombe tu, na mtoto mmoja anayewachunga ambaye atakuamkia shikamoo kabla hujamfikia.

Njia inayojulikana zaidi katika eneo hili ilipitwa kwa miguu. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akiwa na umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma. Ni kama kilomita 40. Shuleni tulisimuliwa kana kwamba Julius Nyerere alitembea umbali huo kila siku, kwenda na kurudi, na mwalimu alitumia hadithi hiyo kuwachapa waliochelewa. Mwisenge ilikuwa shule ya bweni. Alitembea, ndiyo, lakini si kila asubuhi. Nalitaja hili kwa sababu nadhani ukweli una uzito zaidi kuliko hadithi. Mtoto anayetembea kilomita 40 akijua kwamba leo usiku hatalala kwao amebeba mzigo tofauti na mtoto aliyechelewa namba.

Oktoba 1967 akaitembea tena nchi hii, safari hii akiwa Rais. Azimio la Arusha lilikuwa na miezi minane. Vijana walikuwa wakitembea kutoka pembe mbalimbali za nchi kuliunga mkono, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani akielekea Dar es Salaam. Nyerere naye akatoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU. Bibi yangu anasema walipanga mstari kando ya barabara tangu alfajiri, na kilichomshangaza si Rais kutembea, bali barabara kukaa bila lori hata moja kwa muda mrefu kiasi kile. "Uliweza kusikia viatu," anasema.

Katika kumbukumbu rasmi za mkoa wetu, basi, watu wanatembea. Baiskeli haimo. Lakini katika kumbukumbu za nyumba yetu baiskeli ndiyo iko katikati, na sababu yake ni pamba.

Babu yangu alilima pamba tangu miaka ya 1940. Wakati huo wanunuzi walikuwa wafanyabiashara waliokuwa na mizani yao wenyewe, na mkulima hakuwa na la kusema juu ya kile mizani ilichosema. Ubishi wa kilo ndio uliozaa siasa ya Kanda ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wa kukagua mizani kwenye vituo vya kununulia. Vyama vidogo vya msingi vikaungana, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, VFCU, ukiongozwa na Paul Bomani. Ndani ya miaka michache ulikuwa ukitajwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Vitabu vinaeleza hayo vizuri. Ambacho havielezi ni jinsi pamba ilivyofika kwenye mizani.

Ilifika kwa kichwa, kwa punda, na kwa wale waliojaliwa, kwa baiskeli. Gunia la pamba mbegu si zito kama la mahindi, lakini ni nene na linapenda kuyumba. Ukilifunga vibaya kwenye keria linakuvuta upande mmoja. Babu alikuwa akifunga mawili, moja juu ya jingine, kwa kamba za mpira zilizokatwa kwenye tyubu za lori, kisha anasukuma badala ya kupanda, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya gunia. Kurudi ndiko alikopanda. Msimu ukifika wanaume kumi au kumi na tano walitoka pamoja gizani, maana mwenye kufika mapema alipimiwa mapema, na karani akichoka mchana pamba safi iliweza kuitwa fifi, na fifi ina bei yake.

Njia walizopita hazikuwa barabara kuu. Lori lilifika kwenye ghala la chama cha msingi kuchukua pamba kuipeleka Bunda, kwenye viwanda vya kuchambulia. Baiskeli zilileta pamba ghalani kutoka mashambani. Kwa hiyo kila ghala lilikuwa kama kitovu cha gurudumu na vijia vilikuwa spoku zake. Hili nililiona mwenyewe kabla hata ya kuambiwa. Nilikuwa nashangaa kwa nini vijia vinne au vitano vizuri, vipana kuliko njia ya ng'ombe, vinakutana kwenye kiwanja kitupu kilichoota majani, penye jengo la bati lisilo na mlango. Bibi akacheka. "Hapo ndipo tulipokuwa tunauza," akasema.

Raleigh ya babu ilinunuliwa kwa pamba, miaka ya mwisho ya 1950. Haikuwa kitu cha mtoto kuchezea. Ilikuwa na kengele, dinamo na taa, mfuniko wa cheni, na kibati cha kodi, kwa sababu baiskeli ililipiwa kodi na asiyekuwa na kibati alijificha akimwona askari wa baraza. Ilikuwa pia mali ya kuhesabiwa. Nimesikia wazee wakitaja mahari ya miaka ile: ng'ombe kadhaa, na baiskeli. Na ilikuwa ya wanaume. Bibi hakuwahi kuipanda hata mara moja katika miaka arobaini. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuwahi kuruka. Zilikuwapo sababu zilizosemwa, za heshima na za uzazi, na sitazirudia, lakini naamini sababu yenyewe ni kwamba mwenye baiskeli ndiye aliyefika kwenye mizani, na aliyefika kwenye mizani ndiye aliyepokea fedha.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vilirudishwa miaka ya 1980, huku kwetu kikiwapo chama kikuu cha Mara, lakini wazee wanasema kilichorudi kilikuwa jina. Katikati ya hapo kuna kipindi ambacho, kwa mpenda baiskeli, kinanivutia kuliko vingine vyote, nacho kilikuwa kipindi kibaya.

Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka huohuo, na fedha za kigeni hazikuwapo. Ikatoka amri: magari binafsi yasionekane barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Uholanzi walifanya jambo la aina hii Novemba 1973, waarabu walipofunga mafuta, na picha zake zimekuwa maarufu: watoto wanateleza kwa magurudumu kwenye barabara kuu, familia zinapita katikati ya lami kwa baiskeli. Siku hizo zinatajwa kila mara inaposimuliwa jinsi Waholanzi walivyokuja kujenga njia za baiskeli nchi nzima. Sisi tulikuwa na Jumapili zisizo na magari kwa muda mrefu kuliko wao. Kwa nini hazikuzaa kitu?

Niliwauliza waliokuwapo, na jibu liko wazi. Uholanzi waliondoa magari baiskeli zikabaki. Kwetu mafuta yalipokosekana, tairi za baiskeli nazo zilikosekana. Tyubu zilikosekana. Grisi ilikosekana. Kilikuwapo kiwanda cha taifa cha baiskeli Dar es Salaam, NABICO, kilichotoa baiskeli za Swala, lakini kuipata Swala Nyamuswa kulihitaji kibali, subira na ndugu. Baba anakumbuka tairi la Raleigh lilivyopasuka, babu akalishona kwa sindano ya magunia, akajaza nyasi kavu ndani mahali pa tyubu. Liliendeshwa hivyo msimu mzima. Jumapili ile barabara ya Bunda ilikuwa kimya, ndiyo, ila ni ukimya wa duka lisilo na bidhaa. Watu waliutamani uishe.

Ukaisha. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, mwaka uliofuata akaja Mzee Ruksa, na Phoenix za Kichina zikajaa masokoni. Nilipoanza kupata akili kila nyumba ya mji wetu ilikuwa na moja. Nilijifunza kama wote tulivyojifunza, mguu mmoja ukipita chini ya bomba la fremu kwa sababu siti ilikuwa mbali, mwili umepinda kama ndoano.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaouonea huruma wakati uliopita. Utulivu wa njia zetu haukuwa uamuzi wa mtu. Ulitokana na kwamba hakukuwa na magari, na magari hayakuwapo kwa sababu tulikuwa maskini. Mfaransa aliyeijenga njia ya Cluny alikuwa tayari na barabara, akaamua kutenga sehemu moja isiguswe. Sisi tulipopata barabara tuliiweka juu ya njia iliyokuwapo, na aliyekuwa akipita hapo akabaki papo hapo, isipokuwa sasa yuko kwenye ukingo wa lami.

Mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alitoka usiku kwenda mwaloni, akafunga sato na dagaa kwenye keria, na kufikia saa mbili asubuhi alikuwa sokoni. Lami aliipenda. Alisema inampunguzia saa nzima na haichanganyi samaki na vumbi. Aligongwa na lori upande wa Bunda, alfajiri, mahali ambapo bega la barabara lilikuwa limeliwa na mvua na ukingo wa lami ulikuwa umeachana na udongo kama ngazi. Mwendesha baiskeli hapo hana pa kushukia: akikaa juu anagongwa, akishuka anaanguka. Dereva hakusimama. Samaki waliokotwa na watu, na sisemi hivyo kwa kulaumu, ndivyo ilivyo barabarani. Baiskeli ililetwa nyumbani ikiwa imepinda, ikakaa nyuma ya jiko miaka mingi, hadi siku moja sikuiona na sikuuliza.

Tangu hapo baba hakutaka kusikia habari ya baiskeli. Tukaingia wakati wa pikipiki. Kanuni za 2010 zilipozitambua rasmi kama usafiri wa abiria, bodaboda zilikuwa tayari zimejaa kila kona ya Musoma na Bunda. Neno lenyewe, kama wengi wanavyojua, lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na bodaboda za mwanzo zilikuwa baiskeli. Siku hizi nikipita na baiskeli Butiama vijana wa kijiwe wananiita, "Mwalimu, hela ya pikipiki imekosa?" Wanauliza kwa upole. Wanadhani nimepatwa na jambo.

Kuna wiki moja tu kwa mwaka ambapo baiskeli inarudishiwa heshima. Ni wiki ya Oktoba 14, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu. Kwa miaka kadhaa sasa msafara wa Twende Butiama umekuwa ukitoka Dar es Salaam kwa baiskeli, zaidi ya kilomita elfu moja, hadi Mwitongo alikozikwa. Wanaingia wamevaa kofia ngumu na jezi za rangi moja, wengi wao wanawake kwa wanaume wenye nguvu, na wana magari ya kuwasindikiza. Nimewasimamia barabarani mara tatu na nimepiga makofi kwa dhati. Ila bibi, aliyekuwa amesimama nami mara moja, aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Hao wote, hawajabeba kitu?"

Wakati huohuo lami imeingia ndani ya pembetatu yetu. Kilomita 50 za Makutano hadi Sanzate, zinazopita Butiama na Nyamuswa, walipewa wakandarasi wazawa miaka ya 2010 na zilichukua muda mrefu kiasi kwamba ikawa mfano wa kila jambo linalochelewa. Kisha ukaja mradi wa Nyamuswa, Bunda hadi Bulamba. Sina ugomvi na lami. Mama mjamzito wa Nyamuswa anafika hospitali ya Bunda kwa muda ambao zamani ulitosha tu kutafuta gari. Ila malori yamejua kuwa kuna njia, na mwendo umeongezeka, na shule ziko kando ya barabara hiyo.

Shule hizo ni za kata. Zilianza kujengwa kwa wingi chini ya mpango wa elimu ya sekondari wa 2004, na zilileta sekondari karibu na watoto. Karibu hapa maana yake ni kilomita sita au tisa, kwa sababu kata zetu ni pana na nyumba zimetawanyika. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha pili katika mojawapo. Kwa mwaka mmoja na nusu alikwenda kwa miguu, kilomita saba na nusu, akiondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni akiwa hana macho ya kusoma. Baadhi ya wenzake walikuwa wakipewa lifti na waendesha bodaboda, na kila mzazi wa huku anajua lifti hizo huishia wapi. Mwaka jana akaniambia, "Baba mdogo, naomba baiskeli."

Tulikaa kikao. Kaka alisema hapana, na hakuhitaji kutaja jina la mjomba. Baba alisema ukoo huu umekwisha kutoa mtu mmoja kwa barabara ile. Mimi nikasema hahitaji kupita barabara ile. Nikaeleza kijia kinachotokea nyuma ya kwao, kinachopita mwaloni mwa ng'ombe, kinachozunguka mawe makubwa na kufika ghala la zamani la ushirika. Kutoka ghalani kuna kingine kinachoelekea shuleni moja kwa moja, kwa sababu shule ilijengwa karibu na kiwanja cha mnada wa pamba. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, alisema njia hiyo anaijua, ameipita na gunia kichwani akimfuata babu nyuma, na akataja mti mmoja wa mkwaju ambapo walipumzika. Kisha akasema mtoto anunuliwe.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, mimi na kaka tuliipita njia yote na mapanga. Sehemu kubwa bado iko wazi. Mahali pawili watu wameongeza mashamba na kuifunga kwa miiba. Mmoja alikubali kuacha upana wa usukani. Wa pili alitudai karatasi inayoonyesha kwamba hapo ni njia, na karatasi hiyo haipo popote, si kijijini wala wilayani. Tulizungumza naye siku tatu. Hatimaye alikubali kwa mtoto wetu, akasisitiza kuwa ni kwa mtoto wetu tu, ingawa sasa wanapita wanne. Mkwaju upo.

Ana Phoenix ya mtumba, siti imeshushwa hadi mwisho, daftari kwenye keria. Anaondoka saa kumi na mbili kasorobo na kufika kabla ya kengele ya namba. Njia ina kasoro moja, korongo lililo kabla ya ghala, ambalo zamani lilikuwa na magogo ya kuvukia yaliyowekwa na wanachama na sasa halina. Kiangazi anabeba baiskeli begani na kuvuka. Kuanzia Machi hadi Mei maji yanafika kiunoni, na siku hizo inabidi apite barabara kuu. Hapandi. Anashuka na kusukuma, akikaa kulia ili ayaone magari yanayokuja.